Mama kwenye ukuta wa mgahawa

Jumamosi nilikuwa nakunywa chai katika mgahawa mmoja hapa Katesh. Mchoraji kijana ametundika humo picha zake za mwanzo: majirani zake wa Jorodom wakiwa majumbani mwao, mmoja ananyoa ndevu, mwingine anamsuka binti yake. Mama mmoja aliingia, akaagiza chapati, kisha akasimama mbele ya picha ya bibi aliyeketi kitandani akichambua maharage.

"Huyu ni mama yangu," alisema taratibu.

Matope yaliyoporomoka kutoka mlimani yalimchukua mama yake, nyumba, na kila picha waliyowahi kupiga. Mchoraji, aliyekuwa ameketi pembeni, alisogea.

"Shikamoo mama. Bibi alinikaribisha nikiwa bado najifunza. Ila mikono niliikosea, nataka niirekebishe."

"Usiiguse!" Mama alipitisha kidole juu ya vile vidole vilivyopinda. "Ndivyo alivyokuwa. Asante, mwanangu. Mungu akubariki sana."

Kijana aliishusha picha, akampa. Mama aliondoka ameikumbatia, chapati akaisahau mezani. Mimi huwa nasifu kazi za waliokwisha kukomaa. Siku hiyo nilishukuru kwamba kijana yule hakusubiri kwanza ajue kuchora mikono.