Kitenge cha Kumi na Nne

Harufu ya kitenge kipya, ile ya wanga na rangi kabla maji hayajakigusa, hadi leo sijaisahau. Mwaka ule nilikuwa darasa la saba pale Dzaleka, kambi ya wakimbizi nchini Malawi, na kwaya yetu ya watoto, kumi na wanne bila kumhesabu kiongozi, ilialikwa kuimba kanisani Chilinde, Lilongwe. Sikuwa nimewahi kuuona mji, ila nilikuwa nimeshaziota hata taa zake za barabarani. Lakini kwetu kwaya ni sare: asiyevaa kitenge cha wenzake haimbi, basi.

Tulichanga kwacha elfu themanini na sita. Yaya Esta (kwetu yaya ni dada mkubwa), kiongozi wetu aliyenisuka nywele kila Jumamosi, akaniita. "We njo bingwa wa hesabu. Tafuta batoto bangapi batapata." Kipande elfu sita, nauli ya kwenda soko la Old Town, Lilongwe, na kurudi, elfu nane. Mwalimu alikuwa ametufundisha juzi tu, nikaandika mchangani kwa kijiti: 6,000x + 8,000 ≤ 86,000. Nikatoa nauli, nikagawanya: x haizidi kumi na tatu. Nilifurahi ilivyotoka bila baki, mpaka nilipokumbuka tuko wangapi.

"Usiogope, mudogo wangu," akasema Yaya. "Wa kwanza utakuwa we."

Vitenge vilipogawiwa, jina langu halikuitwa. Yaya mwenyewe alivaa gauni la kitenge kilekile. "Hiki nimejinunulia," akasema. "Na kumi na tatu si mi nilisema. Ni we." Wenzangu wakacheka: "Bingwa amejitoa mwenyewe!" Nami nikaamini, maana hesabu ilikuwa yangu.

Siku ya safari nilikwenda kuwasindikiza. Dereva wa pikapu, akipakia ngoma, akamtania Yaya: "Leo utalipa! Ile siku ya vitenge nilikubeba bure, kwenda na kurudi." Watu wakaangua kicheko. Mimi nilikuwa nikifuta nauli kichwani. Bila ile elfu nane, x haizidi kumi na nne. Nikalitazama gauni lake: lilikuwa langu. Kikulacho ki nguoni mwako. Akanipungia mkono, pikapu ikaondoka, nikasikia wanauanza wimbo ule ambao siku zote niliuanzisha mimi.

Leo ninashona Chilinde, na kila jioni napita chini ya zile taa. Ni nzuri kweli, nisidanganye. Bado naota, bado napenda hesabu, na sare za kwaya nazikata kwa furaha. Ila mtu akiniambia "usiogope", kabla sijatabasamu namwuliza kwanza amekuja na gari gani, na nauli amelipa nani.