Siku Nyumba ya Mama Ilipotembea

Mpaka leo nikikutana na waimbaji wa kwaya yetu natazama chini, kwa sababu wote waliniona nimesimama na chupi tu katikati ya kiwanja, mchana kweupe, na kosa lilikuwa langu mwenyewe.

Mama ana nyumba moja tu duniani, ya mbao, hapa mtaa wa Mapendo, na tangu moto ulipomeza nyumba za mtaa wa chini hakuwa akilala vizuri, basi mimi, mwenye Kifaransa cha kutosha (na kiburi cha kuzidi), nikajitolea kumchagulia asiransi, yaani bima ya moto. Papa wa asiransi, yaani bwana wa bima, akanieleza kwa simu kwamba kuna mikataba miwili: wa nyumba zilizobanana, ambao ni ghali, na wa nyumba iliyojitenga, ambao ni nafuu. Nikasema yetu imejitenga. Akafurahi, akaahidi kupita Jumamosi kuitazama.

Sasa, jiko la makaa la jirani yetu Mama Bahati linagusa kabisa ukuta wetu. Ukilala unasikia sombe yake, majani ya muhogo, ikichemka. Ningeweza kupiga simu tena niseme ukweli. Badala yake nikaamua kuisogeza nyumba. (Msicheke, nyumba ya mbao isiyo na sakafu hunyanyuliwa kama kikapu, watu wakitosha.) Mama alisema heri alipe ghali, nikamwambia aniamini, na Jumamosi nikaita kwaya nzima. Mama Bahati akaniuliza tunahamia wapi. Nikamjibu hatuhami, tunataka tu nyumba iwe imejitenga.

“Kujitenga na nani?” akauliza.

Nikajifanya napima kiwanja kwa hatua. Hata hivyo aliwatuma wanawe waje kubeba.

Vyombo vilikuwa nje tayari. Nikavua suruali yangu nzuri isishike vumbi, nikajifunga kitenge cha mama, nikaingia ndani kushikilia ukuta wa kati. Wakaimba, na nyumba ikainuka. Jamani, sijui niwaeleze vipi. Mwanga uliingia kwa chini, pande zote nne mara moja, kama maji, mbao zikalia, mabati yakapumua juu ya kichwa changu, na nyumba niliyozaliwa ndani yake ikaanza kwenda, nami nikienda nayo (nje, nimeambiwa, watoto walihesabu miguu ya wabebaji wakakuta miwili imezidi, chini ya nyumba). Tulipofika kwenye jiwe la volkano lililo katikati ya kiwanja wakainyanyua juu zaidi ili ipite, msumari ukanasa kitenge, nyumba ikaondoka nacho.

Nikabaki chini ya mbingu. Mbele yangu volkano yetu, Nyiragongo, kubwa, ikitoa moshi polepole, na nyuma yangu udongo mweusi wenye unyevu ambao haukuwa umeona jua tangu baba aijenge nyumba ile. Nilitetemeka kwa mshangao kabla sijatetemeka kwa aibu. Ndipo Papa wa asiransi akaingia langoni. Akanisalimu kwa adabu huku akitazama mabati, kisha akamuuliza Mama Bahati kama jiko lake liko mbali na nyumba hii.

“Asubuhi nyumba ilikuwa karibu, Papa. Sasa iko mu njia. Ungoje kidogo.”

Kwaya ikacheka, na bega linalocheka halibebi. Pembe moja ikateleza, nyumba ikainama kuelekea jiwe, mama akashika kichwa. Mama Bahati alikimbia akaweka bega lake chini ya mbao. Papa wa asiransi akatupa mkoba wake, naye akaweka bega. Ikasimama.

“Murudishe nyumba yangu pale ilikuwa,” mama akasema. “Na wewe, vaa.”

Wakairudisha mpaka ikagusa jiko. Papa wa asiransi, bega limejaa vumbi, akasema ataandika alichokiona: zimebanana. Mama akatia sahihi mkataba ule ghali kabla Papa hajamaliza kueleza, na usiku ule akakoroma.

Mimi nimeapa kutomchagulia tena mtu ulinzi unaoanza kwa kumkimbia jirani. Mama Bahati hajanisamehe bure: kila akiwasha jiko anagonga ukuta, anauliza kama tungali hapo, na lazima niitike.