Kitenge cha Bibi

Jana, kwa muuza nguo katika mji nisioujua vizuri, nilinusa naftalini nikasimama.

Nyumbani kwetu Ruashi, bibi alikuwa na kitenge kipya sandukuni, kikinuka naftalini. Watoto wake walikinunua ili azikwe nacho. Asubuhi moja alikitoa, akajifunga, akaketi uani kando ya mbabula, jiko letu la makaa. Kitambaa kilikuwa kigumu bado, kikilia kama karatasi kila alipojigeuza. Nilijua kitenge kile ni cha nini. Nikajibana kwenye goti lake, nikisikiliza kama bado anapumua.

Mama alitoka ndani, akashtuka. "Mama, hii kitenge iko ya kilio. Ukiivala leo, ile siku tutakuvalisha nini?"

"Ile siku munivalishe hata gunia, sitaona," bibi akajibu. "Leo niko naona. Sema, niko muzuri ao hapana?"

Mimi ndiye niliyesema, kwa sauti ndogo, "Uko muzuri, bibi."

"Sema tena. Huyu mama yako hasikii."

Yule muuza nguo wa jana, akiniona nimesimama tu, aliniuliza kama nina msiba. Nikasema hapana, nikamchagulia mama kitenge chekundu, kisha nikampigia. Simu iliita, ikaita, nami nikajibana ukutani, nikisikiliza kama atapokea.