Mazoezi Yangu Yaliyogeuka Msiba Masumbwe

Daktari kule hospitali ya Kolandoto aliniambia bila kupepesa macho: nisipotembea kwa miguu kila siku, hii sukari itanifikisha kwenye kujichoma sindano maisha yangu yote. Mimi sindano naiogopa kuliko fisi. Nikamwambia nitatembea mpaka yeye mwenyewe anikataze.

Sasa, tangu duka langu la vitenge hapa Masumbwe lishike, miguu nilikuwa nimeistaafisha. Toka nyumbani hadi dukani ni bodaboda, na ni karibu kiasi kwamba nashuka injini haijapata moto. Basi kesho yake alfajiri nikajifunga kanga kiunoni, nyingine nikaitupia begani, nikashika barabara ya vumbi itokayo mjini kwa mwendo wa haraka, kama nilivyoagizwa, mpaka jasho linitoke.

Ujinga wangu ndio huo. Kwetu mwanamke mtu mzima haonekani alfajiri kanga begani, mikono mitupu, anakazana njiani, kama hakuna aliyekufa. Anayekwenda shamba ana jembe. Anayekwenda mnadani ana mzigo. Asiye na kitu anawahi msiba, na msiba hauulizwi maswali. Unabeba kuni, unafuata.

Wa kwanza kuniona alikuwa jirani yangu muuza dagaa, mwanamke asiyekosa msiba hata wa watu asiowajua. "Mwangaluka, mayu!" akanisalimu, yaani za asubuhi, mama. Nikaitika huku nahema, nikapita. Msukuma gani huyo hasimami kusalimiana? Hapo ndipo alipoamini kwamba mambo ni mazito.

Nilipogeuka kufuta jasho nikamwona nyuma yangu na mzigo wa kuni kichwani. Nyuma yake kuna wengine, na unga, na ndoo za maji, na sufuria moja ya kupikia watu wengi. Wote kimya, nyuso zimewashuka. Nikadhani kweli kuna msiba ambao mimi ndiye sijaambiwa, nikaona aibu sina hata kijiti. Nikaongeza mwendo. Nao wakaongeza.

Kwenye mnara wa simu, mwisho wa mazoezi yangu, nikageuza kurudi.

"Mbona unarudi?" muuza dagaa akauliza. "Marehemu yuko wapi?"

"Si ninyi mnaokwenda msibani? Mimi nafanya mazoezi ya sukari."

Wee! Nilisemwa kwa Kisukuma, nikasemwa tena kwa Kiswahili. Mwenye sufuria akanitwisha sufuria yake niirudishe mwenyewe, na lile jasho la daktari likatoka lote.

Baadaye wakazoea kuniona nikipita, wakanicheka, wakaacha. Hata mimi nilianza kuipenda ile barabara. Ila kukaja asubuhi moja ya manyunyu, kitanda kikanishinda. Nikajisemea, leo tu, nikavuta blanketi. Mara nasikia nje kuni zinabwagwa, na sauti ya muuza dagaa: "Mayu wee! Hajapita leo! Sukari imemmaliza!"

Nikatoka na gauni la kulalia, nimejiandaa kumtolea maneno. Nikamkuta amekaa chini kwenye tope, analia kwelikweli, machozi na kamasi. Hata aliponiona nimesimama mzima alishindwa kunyamaza, akanishika mguu akauminyaminya kama anahakikisha una joto.

"Mama, usinifanyie hivi," akasema.

Ni wachache wanaojaliwa kusikia watakavyoliliwa. Mimi nilisikia, na moyo ukaniuma. Nikaingia ndani kuvaa viatu.