Dumu la Mkurugenzi

Ilikuwa mwaka ule soko jipya lilipofunguliwa. La, siyo, tusidanganyane. Ilikuwa mwaka uliofuata, maana soko lilipofunguliwa nyuma yake palikuwa bado shimo la taka, na mashine za kuchajia magari zililetwa baada ya shimo kufukiwa. Ziliwekwa mbili tu, ukutani mwa soko, chini ya bati, na kila moja ikachorewa nafasi yake ya kuegesha kwa rangi ya kijani. Ndipo mji ukapata aina mpya ya watu wa kuvumilia.

Dereva mmoja wa teksi aliitwa Kimya kwa sababu gari lake halikuwa na mlio. Yeye mwenyewe domo halikumtulia. Alikuwa ameendesha magari ya petroli tangu ndevu zinaanza kumwota, lakini siku alipopata hili la umeme aliwasahau wenzake wote kana kwamba hawakuwahi kunywa naye chai. Akiwapita kituoni alipandisha kioo na kuziba pua. Hata shemeji yake, kaka wa mkewe, mwenye gari chakavu lililokohoa kila asubuhi, alimwita Mzee wa Moshi, ingawa shemeji alikuwa mdogo kwake.

Na wale wapya aliokutana nao pale kwenye mashine? Aliwadharau vile vile, na hapo, kusema kweli, hakukosea sana. Palikuwa na mama mmoja mwenye gari kubwa kama ghala, na ndani yumo yeye na mkoba wake basi. Palikuwa na kijana wa benki aliyechomeka waya, gari likashiba, likacheua, naye akaliacha pale pale hadi jioni kwa kuwa ni karibu na lango la soko na pana kivuli. Plagi za magari yale hazitoki mpaka mwenyewe afungue gari lake, kwa hiyo aliyeshiba alikaa mezani, wenye njaa wakamtazama. Wengine waliegesha bila hata kuchomeka. Ukiwauliza, wanakujibu kwamba wao wanaiokoa dunia, waachwe wapumzike.

Ugomvi ukawa wa kila siku. Kuna asubuhi wanaume wawili wazima, wenye tai zao shingoni, walivutana waya mmoja kama watoto wanaogombania kamba. Kimya aliwatazama kwa jicho la pembeni, kisha akafungua buti, akatoa dumu tupu la maji, akalitua chini mbele ya mashine.

"Kwani nyinyi hamjawahi kuteka maji bombani?" aliwauliza. "Kila mtu aweke dumu lake. Dumu likisimama, ni wewe umesimama. Likiwa la kwanza, nafasi ni yako, hata kama uko bafuni unajisugua. Atakayesogeza dumu la mwenzake, hachaji hapa wiki nzima."

Walicheka, lakini kesho yake madumu yalikuwapo, yamepangwa. Mlinzi wa soko, mwanamke mpole aliyechoka kuamua ugomvi, alishukuru sana. Kimya akaanza kutembea pale mikono nyuma kama hakimu. Siku muuza mikate mmoja, mama wa watu mwenye kigari cha kusambazia, aliposogeza dumu la mtu ili apate chaji kidogo ya kumalizia mzunguko, Kimya alimsema mbele ya watu mpaka yule mama akaomba radhi. Akamwomba nani? Akaliomba dumu. Mwenyewe hakuwapo.

Basi watu wale wakaiharibu sheria, wangefanya nini kingine? Walileta madumu alfajiri, wakarudi kulala. Mmoja alilituma lake kwa pikipiki, limefungwa vizuri nyuma kama abiria. Na yule aliyeitwa Mkurugenzi, mkurugenzi wa nini hakuna aliyejua, alinunua dumu jipya la njano ambalo halijaonja tone la maji, akaliandika herufi za jina lake pande zote mbili, lisije likadharauliwa na wasiolijua.

Sasa, mama yake Kimya alikuwa na presha ya macho. Jicho la kushoto lilikwisha zima, la kulia lilikuwa linafuata. Daktari bingwa alikuja hospitali ya mlimani mara moja kwa mwaka, na mama alipata zamu ya kufanyiwa upasuaji. Wauguzi walisema wazi: asiyekuwapo kabla ya adhuhuri, zamu yake anapewa mwingine, na jicho lile halitasubiri mwaka mwingine.

Asubuhi hiyo Kimya alifika sokoni mapema, mama yake kiti cha mbele. Betri ilikuwa mwisho mwisho, ule mlima usingepandika. Hakuwa na wasiwasi, maana dumu lake aliliacha jana na alijua ni la pili, na mashine ni mbili. Nafasi ya kwanza ilikuwa na gari la kijana wa benki, limeshiba, mwenyewe hayupo na simu yake imezimwa. Nafasi ya pili ilikuwa tupu kabisa, waya unaning'inia, na mbele yake limesimama dumu la Mkurugenzi.

"Dada, hebu mpigie," Kimya alimwambia mlinzi.

Mlinzi akapiga, akaweka sauti ya nje.

"Niko njiani," alisema Mkurugenzi. Nyuma ya sauti yake kijiko kiligonga kikombe.

"Njia gani hiyo yenye chai?" mama aliuliza kutoka garini. Jicho lilikuwa hafifu, masikio yalikuwa mazima.

Wakangoja. Wenye madumu ya nyuma wakaja mmoja mmoja, wakamtazama Kimya, wakalitazama dumu. Muuza mikate naye alikuwapo, ameegemea kigari chake, amekunja mikono. Kimya alilisogelea lile dumu la njano, akaligusa kwa ncha ya kiatu. Likayumba. Akarudi nyuma kama aliyeungua.

"Tupu hilo," mama alisema. "Nimelisikia. Liondoe, uchaji twende."

"Mama, sheria ni sheria."

"Sheria ya nani?"

"Yangu."

"Basi sema imekwisha."

Kimya alicheka kwa pua. Aseme imekwisha mbele ya mama wa ghala? Mbele ya wale wa tai? Watu asiowapa thamani hata ya kuoshea gurudumu, wapate cha kumcheka mpaka mwaka uishe? Afadhali angoje.

Mara shemeji akatokea, gari likikohoa, amechomoza kichwa dirishani.

"Shemeji! Nasikia siku hizi mnachaji madumu. Yanakwenda mbali?"

Watu wakaangua kicheko.

"Mama, shikamoo. Njoo nikupeleke. Langu linanuka, lakini linakwenda."

"Marahaba, baba," mama alisema, akaanza kupapasa mlango.

"Mama yangu hapandi jiko la mkaa," Kimya alimkatiza, akausukuma mlango ukafungika. "Mkurugenzi yuko njiani, kasema mwenyewe."

Shemeji akainua mabega, akapata abiria, akaenda zake. Jua likapanda. Mlinzi akapiga simu tena, Mkurugenzi akawa bado njiani. Dumu likawa limesimama vile vile, halina jasho wala haraka.

Shemeji alipopita tena, kivuli cha bati kilikuwa kimejikunja mpaka ukutani. Safari hii mama hakungoja kuitwa. Alifungua mlango mwenyewe, akakifuata kile kikohozi cha injini, mikono mbele.

"Mama, subiri kidogo tu."

"Mimi nataka jicho," alisema, "sitaki gari."

Mama na shemeji hawakuwa wamefika hata barabarani, Mkurugenzi akaingia taratibu, kijiti cha meno mdomoni. Akashuka, mlinzi akamweleza, akalinyanyua dumu lake kwa vidole viwili.

"Ee, kumbe kulikuwa na mgonjwa?" alisema. "Jamani, si mngelisogeza tu. Hili ni dumu."

Mlimani walimkuta daktari amekwisha vua glavu. Zamu ilikuwa ya mwingine, na mwingine yule alikuwa kitandani tayari, amefungwa bandeji. Shemeji aliomba, mama akaomba, muuguzi akasikitika nao. Mwaka uliofuata daktari aliporudi alimulika jicho lile, akaizima kurunzi yake, akamwambia mama pole.

Madumu bado yapo pale sokoni. Kimya hatembei tena mikono nyuma. Anasimama kwenye foleni kama mtu yeyote, na akiwa pale huwauliza wote waliokuwapo: mlinzi, mama wa ghala, wale wa tai, hata muuza mikate. Huwauliza bila kupandisha sauti. Nao hugeuka kuitazama mashine, zile namba zinazopanda, kana kwamba wanasomewa habari.

"Siku ile, ningelitupa kule lile dumu nikachomeka waya, kuna hata mmoja wenu angenizuia?"