Ukurasa wa Mwisho, kwa Kisu cha Sukuma Wiki

Mwalimu mstaafu aliyeharibu kitabu changu bado yuko hapa Nyeri, na kila Jumapili ananipa mkono kanisani. Mkono wake ni laini, una unyevunyevu. Nikifika nyumbani naosha wangu kwa sabuni ya kufulia.

Tangu astaafu, kazi yake ni kuandika wasifu wa marehemu. Mtu akifa huku kwetu, kabla hata jeneza halijachaguliwa, familia inampelekea mwalimu jina la mtu wao, alipozaliwa, na watoto aliowaacha. Yeye anakaa chini na kumtengeneza. Mlevi aliyemvunja mkewe mbavu anatoka mcheshi aliyependa watu. Mnyang'anyi wa mashamba anatoka mpenda maendeleo. Halafu karatasi zinaenda Kerugoya kwa mtu mwenye duka la kuchapa, zinarudi na picha na maua ya zambarau, nasi tunasimama kwenye matope tukisomewa uongo, vichwa vimeinama.

Shangazi yangu, dada ya baba, alitengenezwa hivyo hivyo. Nilipobaki yatima nikiwa darasa la nne, alinichukua kwake Timau, na shule ikaishia hapo. Nilichota maji, nikakamua ng'ombe, nikamwosha miguu. Jumapili alinifungia ndani ya stoo ya mahindi ili nisionwe na watu, akatia kufuli, akajifunga kitambaa chake cheupe cha kina mama wa kanisa, akaenda kuimba. Humo mlikuwa na panya, na dawa ya wadudu imenyunyizwa juu ya mahindi kama unga. Njaa ikizidi nilitafuna hayo mahindi, makavu, na dawa yake. Mpaka leo nikipita duka la dawa za shamba mate yananijaa mdomoni na lazima niteme. Jumapili moja kufuli halikushika vizuri. Nikasukuma mlango, nikatembea mpaka barabara ya lami. Sikurudi.

Alipokufa, walimleta azikwe huku Nyeri kwa babake. Nilienda ili nihakikishe. Mwalimu akasoma kwa ile sauti yake ya pua kwamba marehemu aliwalea mayatima kwa upendo usio na kifani. Watu wakageuka wakanitabasamia. Hao mayatima walikuwa mimi. Baadaye nikapewa sahani ya wali, na nikala.

Sasa mimi ni mpishi katika shule ya chekechea. Watoto wananiita Anti, neno ambalo silipendi, lakini utamweleza nini mtoto wa miaka mitano. Wakisubiri githeri ya mahindi na maharagwe ipoe nawapigia hadithi. Hadithi waliyoipenda zaidi ilikuwa ya zimwi aliyevaa kitambaa cheupe kichwani, na msichana aliyefungiwa stoo, anayehesabu panya na kuwapa majina. Mkuu wa shule alisimama mlangoni akaisikia. Akaniambia, "Mama, hiyo iandike. Tuichape, kila mtoto aende na yake siku ya kufunga shule."

Nikamwambia sijui kuandika hadithi. Akanipa madaftari ambayo watoto walikuwa wameyaacha nusu.

Nilijifunza kwa kuangalia midomo ya watoto. Naandika ukurasa mmoja, nawasomea wakati wa chakula. Wakiacha kutafuna, huo unabaki. Wakianza kusukumana, naufuta. Mwanzoni nilikuwa nimejaza maneno makubwa ya kanisani, wakanitafunia usoni. Nikayatoa. Nilitumia muhula mzima kupata kurasa kumi na mbili. Mwisho niliupata mara moja na sikuugusa tena: msichana anasukuma mlango, zimwi anamwita kwa sauti tamu, yeye haitiki, anaenda. Nilipousoma hakuna aliyetafuna. Kasichana kamoja ka mbele kakauliza, "Alirudi?"

"Hakurudi."

"Hata kidogo?"

"Hata kidogo."

Kakapumua, kakaendelea kula. Hapo nikajua kwamba kila kitu kingine kwenye hicho kitabu mtu anaweza kunibadilishia, lakini si huo mwisho.

Mkuu wa shule ndiye aliyempa mwalimu mstaafu madaftari ayasahihishe. Naye namweka kwenye orodha ya wakosaji, ingawa aliomba msamaha. Alifikiri mtu anayeandika vizuri habari za wafu anaweza kuandika vizuri habari za watoto. Mwalimu akasahihisha, akapeleka Kerugoya kwa yule yule mwenye duka la kuchapa.

Maboksi yalifika asubuhi ya siku yenyewe ya kufunga shule, wazazi wameshaanza kuingia. Nikafungua moja. Kwenye jalada palikuwa na picha yangu ndani ya duara, maua ya zambarau pembeni, na mshumaa. Mwenye duka hakuwa na jalada la namna nyingine kwenye kompyuta yake, ila lile la matanga. Mama mmoja mzazi akachukua kitabu, akaangalia picha, akaniangalia mimi, akakirudisha polepole.

"Pole," akasema. "Kwani ni pacha wako?"

"Ni mimi."

"Sasa mbona wamekuweka mshumaa?"

Wazazi wakacheka, na mimi ningecheka. Lakini nilikuwa nimefungua ukurasa wa mwisho. Msichana wangu alikuwa amerudi. Alipiga magoti mlangoni kwa zimwi na kuomba msamaha kwa utundu wake, na zimwi akavua makucha, akawa mama mwenye upendo aliyekuwa akimfunza adabu. Nyuma ya ukurasa huo kulikuwa na neno Mafunzo, na chini yake: tuwaheshimu wanaotulea.

Mwalimu alikuwa ameketi kwenye viti vya wageni, anakunywa chai yangu.

"Mwalimu, huyu mtoto amerudi kufanya nini?"

"Mama, hiki ni kitabu cha watoto. Huwezi kumwacha mtoto barabarani hivyo. Nimekusafishia tu."

"Anaomba msamaha wa nini?"

"Sisi sote tumekosea mahali."

"Ulinisafishia na shangazi yangu pia."

Akaweka kikombe chini. Nikaona amekumbuka. "Shangazi yako alikuwa mtu wa kanisa. Niliandika nilichoambiwa na familia."

"Mimi ni familia. Nilikuwa nimesimama hapo mbele yako. Uliniuliza?"

"Ati ningekuuliza nini mbele ya maiti," akasema, na akachukua andazi lingine. Akaliuma, akatafuna bila kuniondolea macho, mafuta yanang'aa kwenye ndevu zake. Nimeona vitu vichafu. Nimeona panya wakizaa juu ya chakula. Sijaona kitu kama mdomo ule.

Nikabeba maboksi mpaka jikoni, nikafunga mlango. Kisu changu cha kukatia sukuma wiki nakinoa kila asubuhi. Nikafungua kitabu kimoja kimoja, nikapitisha kisu kwenye mshono, na ukurasa wa mwisho ukatoka, mbele zimwi mwenye upendo, nyuma mafunzo. Kurasa hizo zote nikazitia chini ya sufuria ya githeri. Karatasi yenye kung'aa haichomeki vizuri, inajikunja na kunuka kama plastiki. Mkuu wa shule akaja dirishani, akasimama kidogo, akaenda kuwaambia wazazi kwamba chakula kimechelewa.

Kwa hiyo kitabu kinaishia msichana akiwa na mkono wake mlangoni, mlango umefunguka kidogo, nje kuna mwanga. Watoto waliouliza niliwaambia kwa mdomo kwamba alienda, hakurudi. Kale kasichana hakakuuliza. Kalifika mwisho, kakapapasa mahali palipokatwa, kakafunga kitabu.

Kimoja kilinipita. Mwalimu alikuwa amekitia kwenye koti kabla sijabeba maboksi, na nasikia anakisoma kwenye mikutano ya watoto kanisani, mpaka mafunzo. Mimi naye tunapeana mikono. Na binti yangu nimemwambia, siku nikifa, picha ile ya mshumaa waitumie kama wanataka, iko tayari, lakini huyo mzee akija na kalamu yake asifunguliwe mlango.