Rozari ya Kupozea Taa

Siku yangu ya kwanza kazini, Mzee Nasoro hakunionyesha picha hata moja. Alinipa kopo la maziwa, akasema, "Tikisa, Mama Aline." Ndani vililia vipande vya kioo. "Hiyo ilikuwa ampuli. Mutu alikuwa na haraka."

Mzee Nasoro, Mwarabu wa mtaa wa Bwiza, alikuwa na duka la kukodisha projekta. Watu walizichukua nyumbani kutazama kanda za harusi na ubatizo ukutani. Mi nilisoma miaka mitatu tu, lakini alinichagua niifuate mashine majumbani. "We unajua kungoja," alisema. "Wenye diploma hawajui."

Sikilizeni, vijana. Ndani ya projekta mna taa ndogo, ndiyo ampuli, yenye joto kuliko jiko. Kando yake feni inaipepea. Ukizima kwa kifungo, taa inakufa kwanza, feni inaendelea mpaka kioo kipoe. Lakini umeme ukikatika ghafula, vyote vinakufa pamoja, na joto linabaki limefungwa ndani. Hapo unachomoa waya mara moja, maana umeme ukirudi unarudi kwa nguvu. Kisha usisogeze, usiwashe. Ukiilazimisha ingali na moto, inapasuka, na mvuke wa zebaki unajaa chumbani. Hata ikipona, kila kukatika kunaipunguzia maisha: kioo kinaingia weusi, bibi harusi anatoka manjano kama mgonjwa wa ini.

Saa ya kupimia huko kungoja sikuwa nayo. "Si muna tasbihi yenu?" Mzee Nasoro akasema. "Rozari nzima, polepole. Ukimaliza, washa." Nikafanya hivyo miaka yote, Bwiza, Carama, kote alikonituma.

Siku moja, mchana, akanituma Ngagara kwa Mama Konsolata. Alikuwa anakufa, nyumba nzima ilijua, naye pia. Macho yake yalibakiza kuona vitu vikubwa tu, televisheni hakuiona tena. Alitaka kumuona mara moja tu mwanawe Ferdinandi, tuliyemzika mwaka uliotangulia, akicheza kwenye harusi yake mwenyewe. Binti yake, Odeta, alifunika madirisha kwa mablanketi. Nami nilikuwa na onyo la Mzee Nasoro: "Hiyo ampuli ndiyo ya mwisho. Ikipasuka, twende wote tukauze sabuni."

Ikaanza: kanisa, nyimbo, padri.

"Ferdinandi yuko wapi?" mgonjwa akauliza.

"Anakuja, mama," Odeta akamjibu.

Gari lenye maua likasimama mlangoni mwa kanisa, na umeme ukakatika.

Nikachomoa waya. Haikupita muda, taa ya barazani ikawaka.

"Umeme imerudi!" Odeta akasema. "Washa, Mama Aline."

"Apana. Bado ina moto."

"Anaondoka, humuoni?"

"Ikipasuka, hatamuona Ferdinandi kabisa."

"We! Moyo wako ni jiwe."

Nikatoa rozari. Mama Konsolata akasikia shanga, akanyoosha mkono. "Unaniombea, dada?"

Nikaanza matendo matano ya uchungu, naye akaitikia, watu wa nyumba wakapiga magoti. Mkono mmoja shanga, mwingine juu ya mashine, ilikuwa inachoma. Nilitaka kuharakisha, niliogopa. Tendo la kwanza nilisikia sauti yake. La tatu, midomo tu. La nne hakuitikia.

Nilimaliza la tano. Odeta akamfumba mama yake macho, akasema bila kunitazama, "Washa basi."

Ilikubali mara moja. Ferdinandi akacheza ukutani, safi, hana hata doa la manjano.

Ampuli ile ilidumu miezi mingi. Sikuipenda tena.

Sasa nimeacha kazi, magoti yamekataa. Naambiwa mashine za leo hazina ampuli ya kupasuka, ijapokuwa umeme unakatika vilevile. Kila Noeli Odeta ananiletea sukari, ananishika mikono mbele ya wajukuu wangu. "Huyu alimuombea mama mpaka dakika ya mwisho," anawaambia. Mi nainamisha kichwa, napokea sukari. Na jioni, nikisali, nikifika tendo la nne, mkono wangu unatoka wenyewe kuitafuta mashine, kuona kama imepoa.